Onyo Lililobaki kwenye Skrini

Kwenye kiwanda cha kusafisha maji walimwita Mama Wiki, na wageni walidhani ni kwa sababu analipwa kila wiki. Wacha wadhani. Wiki yenyewe ilikuwa zile kurasa zilizomo ndani ya kompyuta, ambamo kiwanda kizima kiliandika namna ya kufanya kila kazi: kuosha machujio, kupima shabu ya kutakasia maji, kubadilisha mtungi wa klorini, hata namna ya kuomba ruhusa ya msiba. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kuandika humo, karibu kila mfanyakazi aliandika ovyo, na mtu wa kusafisha uchafu wao alikuwa mmoja tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kali, anayekunywa chai bila sukari na kusema na watu vivyo hivyo.

Jina hilo alilitoa wifi yake, na si kwa mapenzi. Siku moja kwenye kantini, mbele ya zamu nzima, wifi alisema wanawake wengine huitwa mama fulani kwa sababu wamezaa, huyu wetu kazaa wiki. Watu wakacheka, kwa kuwa mchekeshaji mwenyewe alikuwa msimamizi wao, na jina likaganda. Mama Wiki alimaliza chakula chake, akaosha kijiko, akarudi ofisini na kufunga mlango. Hakulia. Hakuwa mtu wa kulia, alikuwa mtu wa kuweka moyoni, na moyo wake ulikuwa na nafasi kubwa ya kuwekea.

Huyo wifi kiwandani walimwita Sajini. Alikuwa mrefu, buti mguuni, rundo la funguo kiunoni, na sauti iliyosikika kupita pampu zote zikiwa zimewashwa. Ndiye dada mkubwa wa mume wa Mama Wiki. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, Sajini akamlea mdogo wake kwa jasho lake, akamsomesha ufundi bomba, akamtafutia kazi hapo hapo kiwandani. Kisha kijana akaoa karani wa maabara bila kumwuliza. Sajini alikuja harusini, akala, akanawa, akamsogelea bibi harusi na kumnong'oneza: "Nimekuazima tu. Sijakupa."

Tangu siku hiyo wakawa paka na panya, na ukitaka kujua nani paka ilitegemea siku. Sajini akija nyumbani kwao alimsalimia mdogo wake, akasalimia majirani, akasalimia hata fundi aliyekuja kurekebisha antena, ila wifi akampa kisogo. Mama Wiki naye aliweka redio juu. Mume alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kutabasamu pande zote mbili. Dada na mke wakianza kurushiana maneno, alichukua spana na kwenda nje kutengeneza bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote. Bomba la uani kwao lilikuwa zuri kuliko yote mtaani.

Kazini vita vilikuwa juu ya karatasi. Ndani ya chumba cha klorini hapakuwa na kompyuta, kwa kuwa gesi ile hula nyaya na kuzigeuza unga wa kijani. Maelekezo ya mle yalichapishwa, yakatiwa kwenye mifuko ya plastiki na kutundikwa ukutani. Mwenye kuyachapisha alikuwa Sajini. Hakusoma kitu kwenye skrini hata siku moja. Alidai macho yanamwuma. Alikuwa amejiwekea njia ya mkato kwenda kurasa zake mwenyewe, akafungua, akabonyeza kuchapisha, akaisubiri karatasi mlangoni mwa printa kama anayesubiri mdeni. Na kwa kuwa mifuko ile ya plastiki ilikuwa mifupi, alikuwa na mkasi. Alikata karatasi juu na chini, harakaharaka, huku anaongea na mtu mwingine. Kiwanda kizima kiliujua mkasi wa Sajini.

Mama Wiki aliuchukia mkasi ule kuliko alivyomchukia mwenye mkasi. Kazi aliyoringia maishani mwake ilikuwa vigezo. Kigezo ni umbo unalolitengeneza mara moja, kisha kurasa zote huliazima. Ukibadilisha neno moja ndani yake, kurasa zote zilizoliazima hubadilika bila kuguswa. Alikuwa na kigezo cha onyo, kilichochora sanduku jekundu juu kabisa ya ukurasa. Alikuwa na cha kidokezo, sanduku la bluu. Alikuwa na cha kumbukumbu, cha viungo, cha picha, yote masanduku. Na nyuma ya vyote hivyo kulikuwa na kigezo kimoja mama, alichokitengeneza kwa miezi, cha kusema kila sanduku livae mtindo gani na lionekane wapi. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kina lugha yake ya kuambiwa kwamba mtindo huu ni wa skrini na huu ni wa karatasi, lugha ambayo hakuna fundi pampu angeipatia. Kwa hiyo yeye akawarahisishia: andika tu "skrini", au "karatasi", au "kote", kigezo kitakieleza kivinjari. Asiyeandika kitu, kigezo kilihesabu amesema kote. Na kwa kuwa wafanyakazi ni wavivu, karibu wote hawakuandika kitu, na karibu masanduku yote yalitoka kote, kwenye skrini na kwenye karatasi.

Ndipo ikaja siku ya kikao cha wakuu wa idara. Sajini alisimama na bunda la karatasi mkononi, akalitupa mezani mbele ya meneja.

"Bosi, tazama mwenyewe. Nataka kumwonyesha kijana namna ya kuosha chujio. Mistari sita! Printa inanitolea karatasi nne. Masanduku mekundu, masanduku ya bluu, wino unakwisha, plastiki haitoshi. Wifi yangu anaremba kurasa kama zinaposwa."

Kikao kikacheka. Meneja naye akacheka, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu meneja akicheka kikao kimeamua.

"Yale masanduku yana kazi," alisema Mama Wiki. "Mengine ni maonyo."

"Mengine ni kujionyesha," alisema Sajini.

"Ukisoma ungejua lipi ni lipi."

"Ukishika spana ungejua mtu kazini hana muda wa kusoma gazeti!"

Meneja akagonga meza. "Basi. Mama Wiki, hayo masanduku yapunguze kwenye karatasi. Kazi moja, karatasi moja. Nataka iwe imekwisha mwisho wa wiki."

Sasa, kulikuwa na njia ya kuifanya kazi ile kiungwana. Ilikuwa ni kukaa chini na kupitia ukurasa kwa ukurasa, kuacha maonyo na kuondoa mapambo. Mama Wiki aliijua njia hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Alirudi ofisini, akavua viatu, akakaa, akafungua orodha ya kurasa, na kile kicheko cha kikao kikamrudia masikioni. Akaifunga orodha. Akafungua kigezo mama, akatafuta ule mstari wa asiyeandika kitu, akafuta "kote" na kuandika "skrini". Neno moja tu. Masanduku yote ya kiwanda, mekundu na ya bluu, yakahama kutoka kwenye karatasi papo hapo.

"Wanataka karatasi nyeupe," alisema peke yake. "Watazipata."

Akaweka tangazo, maana hakutaka mtu aje kusema hakutangaza. Aliliweka ukurasa wa mbele wa wiki, kwenye sanduku la njano: kuanzia leo, sanduku lisiloelezwa halitatoka kwenye karatasi, anayetaka litoke aandike "karatasi" au "kote". Lilikuwa tangazo safi, lenye lugha nzuri. Nalo lilikaa mahali ambapo Sajini hakupita kamwe, ndani ya sanduku ambalo, kwa amri mpya, lenyewe lisingechapika. Mama Wiki alilijua hilo wakati anaandika. Msimtetee. Alilijua na akaona linachekesha.

Wiki zilizofuata karatasi zilitoka nyembamba na nyeupe, na Sajini alizipeperusha kantini kama bendera ya ushindi. Mama Wiki alimtazama akipita na kunywa chai yake. Kila mmoja aliamini amemweza mwenzake, na kwa muda ule kiwanda kilikuwa na amani.

Kisha ikaja mitungi mipya ya klorini. Ya zamani ukifunga valvu na geji ya mgandamizo ikashuka hadi sifuri, umemaliza. Unaweza kulegeza nati bila hofu, na barakoa ya gesi waliivaa baadaye tu, wakati wa kupima kama kuna uvujaji. Hii mipya ilikuwa na valvu ya namna nyingine, iliyobakiza gesi kidogo shingoni hata geji ikisoma sifuri. Mhandisi wa usalama aliingia kwenye ukurasa wa kubadilisha mtungi, akaazima kigezo cha onyo, akaandika: VAA BARAKOA KABLA YA KULEGEZA NATI, HATA GEJI IKIWA SIFURI. Pale pa kusema lionekane wapi hakuandika kitu, kama siku zote. Kwenye skrini yake sanduku liliwaka jekundu. Akaridhika, akaenda likizo.

Sajini akapata habari kwamba ukurasa umebadilika. Akaufungua kwa njia yake ya mkato, akaona wekundu juu, akasonya, akabonyeza kuchapisha. Karatasi ikatoka. Akaikata juu, akaikata chini, huku anamfokea mtu aliyeacha ndoo njiani, akaitia kwenye plastiki na kuitundika.

Siku ya kubadilisha mtungi, mtu wa klorini aliamka na homa. Sajini akatazama nani yupo, akamwona mdogo wake anapaka grisi.

"Wewe unajua mabomba. Nenda kabadilishe mtungi."

"Mitungi mipya sijawahi kuigusa, dada."

"Karatasi ipo ukutani. Fuata karatasi."

Akaifuata. Alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimwambia fuata anafuata. Akafunga valvu, akasubiri geji, ikasoma sifuri. Karatasi ilisema baada ya hapo legeza nati. Barakoa ilikuwa mlangoni, kwenye msumari wake, hatua chache tu nyuma ya mgongo wake. Akalegeza nati.

Mama Wiki alisikia king'ora akiwa na kikombe mkononi. Alipofika uani walikuwa wamemlaza mtu kwenye nyasi na kummwagia maji usoni, na hakumjua mpaka alipoona soksi, kwa sababu soksi zile alizifua yeye. Mumewe alikuwa anakohoa povu. Macho yalikuwa mekundu, yamefumba, na mikono inatafuta kitu hewani. Sajini alikuwa amepiga magoti kichwani pake, anaita, "Mdogo wangu, pumua, mdogo wangu, pumua," kwa sauti ambayo hakuna mtu pale kiwandani aliyewahi kuisikia.

Gari la wagonjwa lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kusindikiza. Sajini akapanda bila kuuliza.

"Mimi ndiye mke wake!" alipiga kelele Mama Wiki.

"Na mimi ndiye niliyemlea!" Mlango ukafungwa.

Mama Wiki akawafuata, na hospitali daktari alisema mapafu yamevimba, wamempa hewa, na kwamba siku mbili tatu zitaonyesha. Wakahitaji kadi ya matibabu. Kadi ilikuwa kwenye droo ya ofisini, kwa hiyo mchana ule Mama Wiki akarudi kiwandani. Akaipata kadi. Angeweza kuondoka nayo. Lakini uani alikuwa amesikia watu wakisema karatasi haikutaja barakoa, na maneno yale yalikuwa yamemfuata njia nzima. Akawasha kompyuta. Ukurasa wa mtungi ukafunguka na sanduku lake jekundu juu. Akabonyeza kuchapisha.

Karatasi ikatoka na kichwa cha habari, na chini yake hatua ya kwanza. Juu yake palikuwa peupe.

Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele tena. Kisha akafanya jambo la maana na la haraka, ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akafungua kigezo mama, akafuta "skrini", akarudisha "kote". Zamu ya jioni ingeingia mle chumbani, na ile ya usiku baada yake. Akachapisha tena. Onyo likatoka, kubwa, jeusi, halikwepeki. Akaenda mwenyewe hadi chumba cha klorini, akakuta ile karatasi ya zamani imeshachukuliwa na mkuu wa ulinzi, akatundika mpya. Aliporudi aliitazama ile ya kwanza, yenye weupe juu, akaichana vipande vidogo. Hilo halikuwa kwa ajili ya zamu ya jioni.

Kesho yake meneja aliita kikao. Safari hii hakucheka mtu. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa mezani, imetolewa kwenye plastiki, kingo zake zimepinda kwa mkasi. Skrini kubwa ya ukutani ilionyesha ukurasa wenyewe, na onyo jekundu juu.

"Onyo lipo," alisema meneja. "Liko hapa, limeandikwa, nalisoma nikiwa nimekaa hapa. Karatasi yako haina. Nieleze."

Sajini aliitazama skrini, akaitazama karatasi. Alikuwa hajalala. Zile funguo kiunoni hazikulia, maana alikuwa amezishika.

"Niliona wekundu," alisema. "Nilipofungua, niliuona. Sikusoma. Nikasema nitausoma kwenye karatasi."

"Na kwenye karatasi?"

"Nilikata." Akagusa ukingo wa karatasi. "Huwa nakata juu."

"Unakumbuka kulikata onyo?"

"Sikumbuki. Lakini niliuona wekundu, bosi. Kama ulikuwepo na sasa haupo, basi mkasi ni wangu."

Meneja akageuka. Macho yote yakageuka naye. "Mama Wiki. Onyo hili linatoka kwenye karatasi?"

Hapo alikuwa na swali lililonyooka mbele yake na jibu lililonyooka kinywani. Hakuna aliyemzuia. Alimwona wifi yake amekaa ameinama, mabega yamelegea, na kitu kikali na kitamu kikampanda kifuani, kitu alichokuwa amekingoja tangu harusini. Nyuma ya kitu hicho kulikuwa na hofu tupu. Akifungua mdomo, yeye ndiye atakayemwaga unga, na ni yeye ambaye mumewe atamtazama akiamka.

"Chapisha uone," alisema.

Meneja akachapisha. Printa ikaunguruma pale kona, ikaitema karatasi. Onyo lilikuwa juu, linasomeka hadi mlangoni. Meneja akaiweka kando ya ile iliyokatwa. Sajini alizifungua funguo kiunoni, akaziweka mezani. Barua ya kumwachisha kazi ingemfikia, alisema meneja, lakini ajue kwamba ndiyo basi. Sajini akaitikia kwa kichwa. Alisimama kwa tabu, akashika meza, akatoka bila buti zake kupiga kelele.

Na Mama Wiki? Alirudi ofisini kwake. Watu walipita kumpa pole ya mume, na wengine, wakishusha sauti, walimwambia Mungu hamfichi mtu, tulijua mkasi ule utaua. Akaitikia asante. Mtu mmoja alimwambia ana moyo, kukaa chumba kimoja na aliyetaka kumwua mumewe asimkwaruze hata usoni. Akaitikia asante tena.

Jioni alikwenda hospitali. Mumewe alikuwa amelala chali, barakoa ya hewa usoni, mashine inahesabu pembeni. Alikuwa amezinduka mchana, alisema muuguzi, anasikia kila kitu, ila asilazimishwe kusema. Sasa amesinzia. Upande wa pili wa kitanda, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Sajini na nguo zile zile za jana. Mama Wiki alijiandaa kwa vita. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumfukuza.

"Wifi," alisema Sajini, "kaa."

Hakuwa ameliwekea mwiba neno lile. Mama Wiki hakujua la kufanya nalo, akakaa.

"Sikai sana. Nataka kusema jambo kisha niondoke." Sajini aliongea akitazama mikono yake. "Jana sikusema nawe. Leo kwenye kile kikao ulikuwa na nafasi ya kunimaliza. Ungesema mengi. Ungesema namna nilivyokucheka, namna nilivyopiga kelele masanduku yaondoke. Mimi ningekuwa wewe ningeyasema yote, na ningeongeza. Wewe ulisema maneno mawili, ukanyamaza."

"Wifi—"

"Niache nimalize. Sijawahi kukushukuru kitu. Nakushukuru kwa kunyamaza."

Akanyoosha mkono juu ya shuka, juu ya miguu ya mdogo wake, akaushika mkono wa Mama Wiki. Ulikuwa mkono mgumu, wa moto. Mama Wiki aliuacha mkono wake pale. Hakuweza kuuvuta na hakuweza kuufumba.

"Nitahama," alisema Sajini. "Kwa shangazi yetu. Hapa siwezi, kila mtu ananitazama. Na huyu siwezi kumtazama. Nilimlisha kwa kijiko huyu, halafu nikamtuma mle na karatasi niliyoikata kwa mkono wangu. Akipata nguvu, wewe mwambie. Mwambie ni dada yake. Usinifunike. Mimi sina uso wa kumwambia."

Ilikuwa ndiyo hiyo, basi. Kila alichokitaka miaka yote kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, na aliyekileta anamshukuru. Sajini anaondoka. Mume anabaki, peke yake, wake. Hakutakiwa hata kusema uongo. Ilimtosha kuitikia kwa kichwa.

Mkono ule ukambana zaidi. "Umenisikia, wifi?"

Angeweza kuvumilia matusi mpaka kaburini. Shukrani hakuweza.

"Hukukata," alisema Mama Wiki.

"Nini?"

"Hukulikata onyo. Halikutoka kwenye printa. Mkasi wako ulikata weupe." Akaendelea kwa haraka kabla ujasiri haujamwisha. "Nilibadilisha kigezo baada ya kile kikao cha kwanza. Nikazuia masanduku yote yasitoke kwenye karatasi. Nilijua maonyo yamo. Nilikuwa na hasira. Jana nilirudisha, ndiyo maana leo meneja amechapisha likatoka. Ni mimi niliyelizuia. Nililizuia kwa sababu yako."

Sajini hakupiga kelele. Aliutoa mkono wake, taratibu, kama mtu anayeutoa kwenye kitu asichotaka kukimwaga. Akasimama, na aliposimama alikuwa mrefu tena. Mama Wiki alifumba macho akingoja kofi. Halikuja. Alisikia buti zikizunguka kitanda, kisha chuma kikilia, na alipofumbua macho Sajini alikuwa anapandisha kichwa cha kitanda kwa mpini wake. Mumewe alikuwa macho. Hakuna aliyejua ameamka saa ngapi. Dada yake akamwekea mto mgongoni, akamfuta jicho kwa ncha ya shuka, kisha akamgeukia wifi yake.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Mdogo wangu asikie."

Mama Wiki alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Akarudia. Alianza tangu kikao, hakuruka kitu, alisema kigezo, alisema hasira, alisema tangazo na mahali alipoliweka na kwa nini. Alisema karatasi aliyoichana. Barakoa ya hewa ilikuwa inaingia ukungu na kutoka ukungu, na juu yake macho ya mumewe hayakumwacha hata kidogo. Alipofika mwisho, pale pa kusema nililizuia kwa sababu ya nani, mumewe aliinua mkono wenye sindano kutoka kwenye shuka, akaunyoosha upande wa pili, mbali na mkewe, akimtafuta dada yake.